Dakika ya Kumi na Nane

Asubuhi huwaka kwa mvuto mmoja.
Hilo ndilo linaloudhi.
Mashine mbovu ni mbovu, utaifungua uione;
hii ya Mwinyihaji, farasi arubaini, rangi imekwajuka,
huondoka Jomvu Kuu sawasawa
kama cherehani iliyotiwa mafuta jana,
huipita mikoko, huyapita mapipa ya Mikindani,
na dakika ya kumi na nane
(kazihesabu kwa simu, wiki tatu)
huanza kukohoa.
Ukiizima ukangoja, huwaka tena
kana kwamba hukuisikia.

"Plagi hizo," akasema muuza pweza wa ngazini Tudor,
ambaye hakuulizwa.
Plagi nilizitoa Jumatatu. Kavu, rangi ya biskuti.
Plagi hazisemi uongo.
Kabureta niliifumua juu ya sinia la mamangu,
nikapuliza kila tundu mpaka masikio yakaniwamba.
Petroli niliimimina kwenye chupa ya soda,
nikaichungulia juani: haina maji.
Koili niliishuku kweli. Koili ni kama shemeji yangu Fumo,
ikiwa baridi haina neno,
ikipata moto husahau ilichotumwa.
Nikanunua nyingine Mwembe Tayari, kwa pesa zangu.
Dakika ya kumi na nane, kho, kho.

Basi leo nikapanda nami.

Mwanasiti alikaa katikati, juu ya mto wa kochi,
mfuko wa plastiki mkononi, uso kaupa maji.
Jumanne na Ijumaa humpeleka hospitali kuu
kusafishwa damu, saa nne nzima
kwenye mashine ambayo mimi siijui.
Hatukuzungumza. Nilikuwa nasikiliza.

Kumi na sita. Kumi na saba.
Ilipokohoa sikuigusa. Nilipeleka mkono
kwenye lile boga la mpira, njiani mwa petroli:
limebonyea, mashavu ndani,
kama mtu anayemung'unya mabuyu.

Nikalegeza kifuniko cha tangi.
Fyuuu.
Tangi likavuta pumzi
kama mtoto aliyeibuka kutoka kilindini,
na mashine, peke yake, ikatulia.

Kifuniko kina tundu. Dogo, la sindano.
Hewa iingie ndipo petroli itoke; ndiyo siri yote.
Lilikuwa limezibwa kwa nta,
imeshindiliwa kwa njiti ya kiberiti,
na juu yake duara la mkanda mweusi
lililokatwa kwa mkasi, kwa subira.

"Nani kaziba hapa?"

Mwinyihaji akatazama omo,
akatazama usukani, akatazama viatu vyangu.
"Harufu," akasema. "Ikimfika, hutapika.
Akifika kule hana nguvu hata ya kupanda kitanda."

Nimefundishwa mengi kuhusu mashine.
Hili sikufundishwa la kujibu.
Nikajitia kufuta mikono.

"Harufu ya petroli," akasema Mwanasiti bila kugeuka,
"siisikii tangu mfungo sita.
Ni yale mayai."

"Mayai gani?"

"Mawili. Ya kuchemsha. Kila alfajiri,
umesimama mlangoni mpaka niyameze."

Boti ikaenda. Daraja la Nyali likaonekana kwa mbali.
Mwinyihaji akafungua mdomo mara mbili,
mara mbili akaufunga.
Kisha nikaona mabega ya yule mama yanatikisika,
nikadhani kutapika, nikaukimbilia mfuko.
Alikuwa anacheka.

Akachomoa pini kwenye mtandio wake,
akanipa bila neno. Nikaikwangua ile nta
kidogo kidogo, nikipuliza,
mpaka nikaiona mbingu kwenye tundu.

Pini ilipinda. Nilimrudishia hivyo hivyo.
Nikalibana boga: limejaa, gumu.
Dakika ya ishirini na tatu
mumewe bado anahesabu.