Maudhi Madogo

Mwezi Juni hapa Oulu jua halilali, hupiga magoti tu,
hugusa ukingo wa Ghuba ya Bothnia kwa paji la uso
kisha huinuka, kama mtu aliyesahau alichokuja kuomba.
Pazia nimeweka mawili, la tatu ni blanketi la marehemu Tauno,
na bado lepe la usingizi lilikuwa halinijii.

Daktari Hakkarainen akaandika. Mfamasia akanipa
kiboksi chepesi kama kibiriti.
Kimoja, nusu saa kabla ya kulala, akasema,
usikitafune, usiendeshe gari.
Ndani mna karatasi iliyokunjwa mara nane,
maandishi kama sisimizi:
maudhi madogo madogo, ndivyo walivyoyaita.
Nami niliyesahihisha vitabu vya watu miaka thelathini na mmoja
nikaisoma yote, nikatia mkato mahali ulipokosekana,
nikameza.

Basi nililala. Nisikisingizie kidonge: nililala.
Usingizi haukunichukua, ulinizima,
kama mtu azimavyo taa ya chumba asichokusudia kukirudia.

Asubuhi ya kwanza, ladha ya shaba mdomoni,
kana kwamba nimekesha nanyonya ufunguo.
Kahawa ikawa shaba. Mkate mweusi, shaba.
Ya nne, sakafu ilijisogeza kidogo nilipotaka kuikanyaga,
nikashika kabati, kabati likanishika.
Ya saba, majina:
jirani niliyefua naye mazulia gatini kila kiangazi
nikamwita wewe, wewe wa ghorofa ya pili.
Alicheka. Anaitwa Lempi. Nimeliandika.

Ya tisa nikakuta jikoni ameingia mtu.
Sufuria mezani, uji umeganda,
kisu kimesimama wima ndani ya siagi,
na mabuti yangu ya theluji, mwezi Juni,
yamepangwa mlangoni yakitazama nje.
Mlango niliufunga kwa mkono wangu.
Nikazikagua nyayo zenye unga.
Zilikuwa zangu.

Ndipo nikaitazama simu.
Saa nane na dakika arobaini usiku: Ilmari.
Dakika kumi na tisa.
Mwanangu, ambaye tangu tumzike baba yake
tumezoea kuandikiana hali ya hewa.

Nikampigia. Nikauliza, nilisema nini?
Akanyamaza. Nikasikia tramu ya Tampere ikipita dirishani kwake.
"Mama, hukumbuki?"
Nikadanganya kwamba nakumbuka.
"Basi," akasema, sauti imelowa, "tusilirudie.
Ulikwisha kulisema vizuri."

Kulisema nini? Vizuri vipi?
Sasa hupiga kila Jumapili, huuliza nimekula nini,
huniita kwa kile kijina cha kabla hajaota magego.
Nami naitikia, kama aliyevaa koti la mwingine
akakuta mfukoni barua yenye jina lake, imebandikwa gundi.

Daktari anasema tupunguze: nusu, robo, kisha basi.
Nyumba ina jiko, anasema, ina ngazi.
Ni kweli. Najua ni nani atakayeungua.
Lakini yule bibi wa usiku wa manane
aendaye kwa miguu yangu, macho wazi, haoni,
ana kile kifua nilichokitafuta miaka sita nisikipate,
na neno langu analo yeye.

Jana, nusu ya mwisho kabla ya robo,
nikachomoa waya wa jiko, nikaficha funguo ndani ya buti,
nikamwachia penseli butu na karatasi juu ya simu:
Tafadhali. Ulimwambia nini?

Asubuhi, shaba. Jua pale pale.
Penseli imechongwa. Karatasi imegeuzwa.
Mwandiko wangu, umeegemea kushoto kidogo,
bila kosa hata moja:

Siagi imekwisha.