Kifungu cha Nyumba ya Tatu

Audolf hakuwa na upanga wenye jina.
Alikuwa na magoti mabovu
na sheria yote ya kisiwa kichwani,
kwa maana siku zile haikuandikwa popote:
ilikaa mdomoni mwa mtu mmoja
kama kaa lililofukiwa majivuni
lisizimike hadi kiangazi.

Watu walivuka mito ya barafu kuja kumuuliza.
Nyangumi kafia ufukweni, mkia kwangu, kichwa kwa jirani: wa nani?
Naye angekuna goti, aniagize maziwa mgando,
kisha ampe mgeni maneno ya kusema mlangoni pa mshtakiwa,
neno kwa neno.
"Ulimi ukiteleza, kesi imekufa,
na maiti wako atalala bila fidia."

Mimi Jofrid, mtoto wa kulelewa, nilisokota sufu kando ya moto.
Hakuna aliyenifundisha.
Uzi ulipita vidoleni, vifungu vikapita masikioni,
uzi ukaenda sokoni, vifungu vikabaki.

Ndipo Steinmod, mwanawe wa pekee,
akamuua Asbrand kivukoni, kwa maneno ya farasi.

Hata kuua kulikuwa na adabu yake:
unabisha nyumba ya kwanza, unasema, Nimemuua fulani, mimi fulani.
Wakiwamo ndugu wa maiti, pita.
Ya pili, vivyo hivyo, pita.
Ya tatu, sema.
Steinmod aliipita ya tatu. Akaipita ya nne.
Akaja kwetu, akanawa, akala samaki mkavu, akalala.

Apitaye ya tatu, chasema kifungu, ameiba roho gizani,
na fedha yake haitapokelewa.

Meli ikamchukua kabla theluji haijaanguka.

Kulikuwa na sheria nyingine, ndogo, wengi waliisahau:
kifungu kisichotamkwa Mwambani viangazi vitatu
asitokee wa kupinga,
kimekufa.

Kiangazi cha kwanza Audolf alikiruka. Nikadhani ni uzee.
Cha pili alikiruka vizuri mno,
kama mtu anayeijua ngazi iliyovunjika nyumbani kwake.
Fedha ilikuwa tayari, vipande kumi na viwili,
ndani ya soksi, chini ya kitanda.

Cha tatu: mvua nyembamba, moshi wa mahema,
wanaume wameketi mteremkoni wakibishana bei ya nyasi kavu.
Nilisimama nyuma na wanawake, mahali ambapo sauti haihesabiwi.
Kando yangu mama yake Asbrand, kiziwi tangu ujana,
macho kayakaza kwenye mdomo wa mzee
kama anayesubiri kitu kidondoke.

Audolf akafika pale.
Akanyamaza. Akaomba maji. Akayanywa yote.

Midomo yangu ilikuwa imeshatangulia, bila idhini yangu,
kama ifanyavyo hadithi uijuayo inaposimuliwa.
Nayo ndiyo aliyoiona, kupitia vichwa vyote vile.

Msumeno hukata ukienda, hukata ukirudi.
Nimeushika mwenyewe, nikipasua magogo yaletwayo na bahari.
Lakini sikuwahi kumwona mtu
akiuvuta kuelekea kifuani.

Alikisema chote. Upesi, bila pambo,
kama ang'oaye jino lake mwenyewe,
kisha akaingia kifungu cha farasi waliopotea.
Hakuna aliyegeuka. Bei ya nyasi ikaendelea.
Mama yake Asbrand akanishika kiwiko:
"Amesema?"
Nikatikisa kichwa, ndiyo.
Akaketi majanini, palepale, mvuani.

Hatukuzungumza njiani hadi mtoni.
Farasi akinywa, Audolf akauliza,
"Ulikijua tangu lini?"
"Tangu mwaka wa kondoo weusi."
Akakuna goti.
"Basi ukae karibu zaidi na moto.
Vya mirathi unavikosea. Nimekuona."

Steinmod hakurudi.
Ile soksi bado iko chini ya kitanda.
Imetoboka kisigino.