Tano ya Pao

Saa tisa usiku, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Unga umelala chini ya magunia, unaumuka,
na juu ya sinia lililopinduliwa, kati yangu na Mhina Semndolwa,
pakiti imekwisha.
Hakuna tena cha kuokota.
Karata tatu kwangu, tatu kwake,
na atakayefungwa ndiye apelekaye mikate Makorora
kwa ile baiskeli ya mnyororo unaotoka.

Nina arobaini na tisa. Yeye arobaini na saba.
Sitini na moja ni nyumba tunayoikimbilia sote
na ina kitanda kimoja.

Mkononi:
ghulamu wa kopa, na kopa ndiyo turufu;
saba ya uru, kumi kamili;
na tano ya pao, kona imeng'atwa na panya,
haina bei hata ya njiti ya kiberiti.

Za kwake nazijua.
Ree ya shupaza, ameikumbatia tangu mwanzo
kama risiti ya kiwanja.
Sita ya uru.
Ya tatu ni nne.

Nne ipi?

Nilikuwa nahesabu vizuri
mpaka Nasoro alipochungulia kuuliza chumvi vijiko vingapi.
Nikamjibu vitatu, nikapoteza nne moja.
Ama ya shupaza iko kwake, na hana kitu;
ama ya kopa, kisu kidogo ndani ya soksi.
Maana sisi hapa hatulazimishani kufuata:
kila karata hufa ugenini, ila turufu.

Mhina anajipepea kwa karata zake, anaghani:
"Turufu leo ni kopa, na mimi sikukopeshi."
Mizani yake imetimia. Namwacha.

Vidole vinamtaka ghulamu.
Ndiye pekee mwenye sura, amevaa kofia,
anatazama pembeni kama anayeitwa.
Marehemu mume wangu angemtupa bila kupepesa,
angepiga sinia kwa kiganja likalia mtaa mzima.
Alifungwa kila Ijumaa, kwa furaha.

Nikimtoa, Mhina atanipa sita, atanyamaza.
Tatu zangu: hamsini na mbili.
Halafu?
Nitoe saba, kisu kinatoka soksini, kinaichinja.
Nitoe tano, anaichukua bure,
kisha ree inaishukia saba yangu kama dari bovu.
Njia mbili, na zote zinaishia sitini na nane,
zake.

Hiyo ni kama nne ni ya kopa.
Kama si ya kopa, naweza kutupa hata kiatu nikashinda.

Basi nisicheze na ninachokijua tu.
Nicheze na ile nne niliyoipoteza.

Naweka tano ya pao.

Mhina anaitazama kama mtu aliyepewa chenji ya noti bandia.
"Ndiyo hiyo?"
"Ndiyo hiyo."
Anafikiri. Jasho la tanuri linamteremka shingoni.
Halafu anaipiga kwa nne,
ya kopa,
polepole, anaufurahia ushindi wa sifuri.

Sasa zamu yake kutoa, na mkono wake umekuwa mwembamba.
Ree haithubutu; inamwona ghulamu.
Anasukuma sita ya uru.
Saba yangu ilikuwa inaisubiri: hamsini na tisa.
Namlaza ghulamu katikati ya sinia, bila kishindo,
na ree inakuja yenyewe, kichwa chini,
haina kwingine pa kwenda.

Sabini na tatu.

Nasoro anafungua mlango wa tanuri, mwanga unatuvamia miguuni.
Mhina anakusanya karata, anaigeuzageuza ile ya panya,
alama ya dole langu la unga iko mgongoni mwake.
"Ulijua ninayo nne ya kopa?"

"Nilijua," nasema,
naenda kumtafutia mafuta ya mnyororo.