Aliyekunja

Huku Ghala, Bwana hufufuka Ijumaa,
maana Jumapili ni siku ya kazi.
Asubuhi Wakerala wanamsulubisha
ukumbi wa chini, kwa nyimbo ndefu na ubani;
adhuhuri Wafilipino wanamlilia;
na saa kumi jioni, viyoyozi vimeshachoka,
zamu yetu sisi wa Kiswahili inafika
na Mchungaji Chilongani, siku nyingine zote dereva wa lori la maji,
anatangaza kwamba kaburi li wazi.
Tunajibu Amina kwa haraka.
Basi la kampuni liko nje, injini inanguruma.

Mwaka huu sikujibu.
Mama alizikwa Werugha Jumanne,
nami nilihudhuria kwenye simu, nimeegemea pipa la sabuni.
Mkono wa Mwandoe ulitetemeka, migomba ikatetemeka nao,
jeneza likaanza kushuka,
likaganda kwenye kioo, nusu ya njia,
kama lililobadili nia.
Bando likaisha.
Kwa hiyo kwangu mimi hajafika chini.
Angali pale, kati ya kamba na udongo.

Jumapili, saa kumi alfajiri, niko dobi.
Mashine kumi na nne. Mashuka ya hospitali tatu:
damu ya aliyejifungua, jasho la aliyepona,
na yale yanayoletwa yamefungwa fundo, ambayo hatuyaulizi.
Miaka sita nimewasoma watu kwa mashuka yao.
Anayetoroka wodini huacha shuka limejiviringa miguuni pa kitanda.
Mwizi huondoka nalo.
Na maiti, maskini, hukunjiwa na wengine.

Nilikuwa na foronya mkononi, ya moto bado,
mara mkono ukasimama wenyewe:
nani alikikunja kile kitambaa?
Kile cha kichwani, kilichokutwa kaburini peke yake.
Nimekisikia tangu shule ya Jumapili,
kikinipita kama jina la kituo ambacho hushuki.
Mtu ameamka gizani, viganja vina matundu,
mbele yake jiwe, nyuma ya jiwe askari,
nyuma ya askari dunia nzima na njaa yake,
naye anakaa kwanza
anakunja.
Ncha kwa ncha.
Kama Mama siku za kwenda Voi,
asiyetoka ndani kitanda hakijatandikwa
hata dereva alalie honi.

Sikuona nuru. Hakuna aliyeniita kwa jina.
Kikaushio namba tisa kilipiga kelele, kama kawaida yake,
nami nikalia humo humo ndani ya kelele zake,
nikidhani nimejificha.

Bi Thuwaiba, msimamizi wetu, mzaliwa wa Unguja,
ambaye tangu Jumanne alinipangia mashine za karibu na feni
bila kusema sababu,
alikuja na chai kwenye kikombe cha karatasi.
Dini zetu si moja; twalijua, hatulisemi.
"Wakesho," akaniambia, "mwenye jina hilo
anaililiaje jana peke yake?"
Akaiweka chai juu ya kaunta.
Akashika ncha mbili za shuka, mimi mbili.
Tukarudi nyuma likanyooka, tukasogea likakunjika,
tukarudi, tukasogea,
mpaka mikono ikakutana katikati.

Simu bado ninayo. Video sijaifuta.
Jana usiku niliifungua tena,
ikaganda palepale, Mama kati ya kamba na udongo,
na ukiitazama sana picha iliyoganda
huwezi kujua kitu kinashuka au kinapanda.

Lakini asubuhi ile, jua likigonga matangi ya juu ya paa,
nilisema Amina.
Ile ya Ijumaa. Ilikuwa imenikwama kooni,
ikatoka siku ya tatu.
Bi Thuwaiba akauliza, "Umesemaje?"
Nikamwambia shuka hili lina doa, lirudi majini.
Tukafungua furushi jingine.