Hakina Chumvi

Daktari alimpa mama maneno matatu, kwa Kiarabu,
akamwambia ayashike, atamwuliza tena:
mlango, tende, hariri.
Mama akatazama kiyoyozi.
Zilipopita dakika tano akasema, "Baridi humu,"
na daktari akaandika sifuri.

Nikasema, samahani daktari,
huyu kazaliwa Wete, kaja Maskati nami nimo tumboni,
Kiarabu chake ni cha sokoni na cha swala.
Hesabu zake, vicheko vyake, matusi yake,
vyote vya Wete.
Nipe ruhusa niulize mimi.

Mlango. Tende. Hariri.
Tukangoja. Mkufu ukamzunguka kidoleni.
"Mlango," akasema. "Na tende.
La tatu mmenificha."

Mawili kati ya matatu!
Nililia mle ndani kama aliyefaulu ni mimi.

Nesi Ghaniya akaniletea maji,
kisha, wala hakuniuliza, akanifunga mkanda mkononi.
Ukabana. Ukapumua.
Mia na sabini juu ya mia.
"Tangu lini?"
Sijui. Mimi hapa huja kumleta mama.

Daktari akachora mti nyuma ya karatasi ya dawa:
shina moyoni, matawi kichwani,
vitawi vya mwisho vyembamba kuliko uzi wa kofia.
Presha ikivisukuma miaka nenda miaka rudi
hufa kimoja kimoja, bila kelele,
na kila kimoja huondoka na kitu.
"Kwa mama vimeshakwenda vingi.
Wewe una hamsini na mbili. Ipo nafasi.
Sikuahidi," akasema. "Nimesema nafasi."

Kwetu mtu akilikariri jambo husema nimelitia moyoni.
Nilidhani ni maneno tu.

Basi saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
Khudh imeshaanza kuchemka, Juni hii,
tunazunguka ndani ya jumba la maduka
vyuma vya milango bado vimeshushwa:
mimi, Shinuna na goti lake,
Zuleikha aliyeacha, kwa miaka sitini na moja,
sigara ambazo hatukujua kama anavuta.
Mabuibui juu, raba nyeupe chini.
Mizunguko tunaihesabu kwa tasbihi.
Mlinzi, kijana wa Sur, zamani alikuwa akicheka.
Siku hizi tukichelewa hutuuliza kulikoni.

Samaki wa chumvi nimempa jirani, mtungi mzima.
Halwa ya Idi nilikula kijiko kimoja,
na cha pili, nisiseme uongo.
Kidonge nakimeza usiku, baada ya Isha,
na chumvi nimeiweka kabati la juu
nyuma ya gunia la mchele.

Jana mama aliniita Asya,
dada yake, aliyezikwa kabla sijajua kusoma.
Nikaitika. Siku hizi naitika.
Nikampakulia wali na mchuzi wa nguru,
ndimu nyingi, tangawizi, bizari.
Akaonja. Akaweka kijiko chini.
Akaniinulia yale macho yake ya zamani, makali,
yaliyokuwa yakikagua daftari zangu.

"Asya, nani kapika hiki? Hakina chumvi."

Raya, nikasema. Kapika Raya.

"Basi mwambie Raya," akasema,
"nimemwona alipoificha."