Hitilafu Namba 20417

Niliiandika mimi, saa tisa na dakika kumi usiku,
Dundee ikilowa nje ya dirisha:
"Shujaa akishakufa, joho halifi.
Linaendelea kupepea. Jinsi ya kuirudia: kufa."

Ndiyo kazi yangu, kufa.
Wiki ile nilikuwa nimeshakufa mara mia tatu na ushei
juu ya paa lilelile la kioo, mvua ileile, risasi ileile,
kila mara Korongo akipiga goti, akilala ubavu,
akimwambia yule msichana maneno yake matano,
na majina ya watengenezaji yakianza kupanda.
Hakuna Korongo wa Tano. Wenye fedha wamekata shauri.
Gemu nne, miaka kumi na minne, basi.

Mwili umetulia kama gogo.
Lakini mgongoni nguo inainuka, inashuka,
inakunja pindo, inalinyoosha,
kama mtu anayegeuza mto usiku akitafuta ubaridi.

Joho lilikuwa la Mhairi.
Wengine walifanya nyuso, ngumi, magari ya kulipuka;
yeye alipewa kitambaa tangu gemu ya kwanza, hakukiachia.
Nyuzi elfu sita, kila uzi na uzito wake,
kila uzi unamjua jirani.
Alikuja kazini na shuka ya kitandani kwake,
akapanda nayo ngazi ya dharura, akaitupia upepo wa Mto Tay,
akashuka kuiokota, akapanda tena,
walinzi wakidhani akili zimemruka.

Jengo letu lilikuwa kiwanda cha juti.
Mama yake bibi yake alisimama ghorofa hii hii ya tatu
akifuma magunia, ya kahawa, ya mchanga wa mahandaki,
mpaka mashine zikamla masikio.
Wanawake wa hapa walisema kwa vidole na midomo;
umbea mzima ulivuka kelele bila sauti.
Mhairi naye akifikiri, vidole humtembea hivyo mezani.
Sijui huwa anasema na nani.

Asubuhi msimamizi, Torquil, akaja na orodha.
Siku sita kabla ya kukabidhi, hitilafu mia mbili na kumi na moja.
"Hiyo ya joho, zima upepo tu. Mstari mmoja."
Na kweli ulikuwa mstari mmoja.

Mhairi akauliza nani ameiandika.
Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.
Akavuta kiti. "Nionyeshe."
Nikafa mbele yake.

Tukatazama majina yote, dakika kumi na moja:
wapishi wa kantini, wafasiri wa Kikorea,
watoto waliozaliwa kazi ikiendelea,
na Lachlan wa sauti, aliyerekodi nyayo zote za Korongo
kwa viatu vyake mwenyewe, na hakuifikia gemu hii.
Jina lake lilipopita, joho lilikuwa juu.
Vidole vya Mhairi vikasema kitu. Sikukielewa.

Kisha, kwa mdomo: "Upepo haujaambiwa."
Hivyo tu.

Akafungua ripoti yangu, akaandika chini yake
neno ambalo sisi wasaka makosa hatulipendi kabisa:
*Imekusudiwa.*
Akaifunga.

Uongo mtupu. Torquil aliusoma, akakuna shingo,
akaenda kwenye hitilafu ya mlango usiofunguka.

Siku hizi napima fomu za mikopo za benki moja.
Hakuna anayekufa humo, angalau si kwenye skrini.
Jumamosi nyingine huiwasha gemu, nikapanda paani, nikafa,
nikaacha majina yapande hadi yaishe,
nione kama joho litachoka.
Usiku mmoja nililiacha hivyo, usingizi ukanipitia kwenye kochi.
Kulipokucha mashine ilikuwa ya moto kama birika,
na pindo la kushoto ndio kwanza linaanza kuinuka.