Somo

Tulikuwa saba darasani, na mlango umefungwa.
Dakta Shekalaghe alishusha sauti
kama anayegawa mirathi ya mtu aliye hai,
akaandika ubaoni:
mwelekeo wa kimapenzi, utambulisho wa kijinsia.
Maneno yaliyovaa suti.
Nikayanakili, nikayapigia mstari kwa rula,
nikayatafutia uso wa mtu, nikakosa.

"Kwa lugha yetu, watu hawa wanaitwaje?"
Kijana wa nyuma akataja neno la mtaani. Wakacheka.
Mwingine akaongeza, na mwingine,
hadi ubao ukajaa mawe, si majina.
"Nawe mtu wa Tanga," akaniambia,
"kwenu hakuna neno zuri?"

Nikaikumbuka nyumba yako, shangazi Mwantumu,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
na baiskeli ya Bi Sijali imeegemea ukuta wa uani.
Wanasema Tanga waja leo waondoka leo.
Yeye alikuja Jumanne moja na sanduku la bati,
karani wa mizani kwenye ghala la mkonge,
akitafuta chumba cha wiki mbili.
Miaka thelathini na mmoja hakuondoka.

Mgeni akiuliza, "Huyu nani wako?"
ulijibu, "Somo yangu,"
na mgeni akaendelea kunywa chai.
Hakuna aliyeomba maelezo.
Hakuna aliyefunga mlango.
Ni yeye aliyekutolea miba ya samaki
macho yako yalipoanza ukungu,
na wewe uliyemgombeza kwa kusahau kofia ya jua
kila siku, kila siku, hata siku za mvua.

Alipokufa, ndugu zake walitoka Korogwe na lori.
Walichukua kitanda, cherehani, redio.
Baiskeli waliiacha, ilikuwa na pancha.
Pole walipeana wao kwa wao.
Wewe ulikuwa jikoni unawapikia.

Hukukaa eda. Nani angekuhesabia?
Lakini hukutoka nje ya kizingiti, na kanga nyeupe ile ile
ukiifua usiku, ukiivaa asubuhi.
Nilikuwa darasa la sita, na daftari la hesabu.
Miezi minne na siku kumi, shangazi.
Nilihesabu mimi.

"Sijui, mwalimu," nikajibu.

Pendekezo langu la utafiti lilirudi na kalamu nyekundu:
Mada hii ni ya hatari. Badilisha.
Nikabadilisha. Sasa linaitwa
"Mahusiano ya Kijamii ya Wanawake wa Mjini,"
jina pana kama baibui la kuazima,
na ndani yake ninapumua kwa shida.

Leo nimekuja na kinasa sauti
na fomu ya ridhaa ambayo hutaki kutia sahihi.
Swali la kwanza, umri: umedanganya.
La pili na la tatu umeyajibu kwa habari za bei ya mchele.
La nne, nimelisoma huku nikitazama sakafu:
"Wewe unajitambulishaje?"
Umecheka mpaka ukakohoa.
"Mwanangu, nijitambulishe kwa nani?
Mtaa mzima unanijua."

Sikukwambia kwamba swali hilo
niliandika usiku, bwenini, kwa ajili yangu,
na kwamba kuna msichana wa Mheza
anayenisubiri nimpigie simu nikifika.

Labda umelisikia hata hivyo.
Umenitazama kwa jicho lile lenye ukungu,
ukauliza, "Na hilo somo lako, ni gumu?"
Nikasema, "Gumu."
"Na somo yako je?"

Herufi moja tu, shangazi.
Nimezima kinasa sauti.
Wewe umeinuka, umechukua pampu nyuma ya mtungi,
ukaenda kuitia upepo baiskeli isiyopandwa na mtu,
nami nikakushikia gurudumu.